JUMATATU YA KUSUBIRI
Wasichana wa vyuo vya Marekani na nafasi 64 za mwezi Novemba

Kila mwaka, katika Jumatatu moja ya mwanzo wa Novemba, wasichana ishirini na kitu huketi pamoja katika ukumbi wa chuo chao huko Marekani, macho yote yakiwa kwenye televisheni. Hawatazami mchezo wala sinema. Wanasubiri jina la chuo chao lisomwe. Likisomwa, wataruka na kukumbatiana, na kesho yake watarudi uwanjani kufanya mazoezi. Lisiposomwa, msimu umekwisha papo hapo. Kwa wale walio katika mwaka wa mwisho, hakijaisha kipindi cha michezo peke yake. Mpira wenyewe umekwisha, kwa maana walio wengi kati yao hawatavaa tena jezi ya timu yoyote kubwa. Watamaliza masomo, watatafuta kazi, na viatu vya mpira vitawekwa kabatini.

Vyuo vikuu vya Marekani vyenye timu za kandanda za wanawake katika daraja la kwanza vinazidi 330. Nafasi katika mashindano ya ubingwa wa taifa ni 64 tu. Maana yake ni kwamba katika kila timu tano, huingia moja, na nne hubaki nje.

Jinsi nafasi hizo zinavyotafutwa ni jambo linalofaa kujulikana hata na wasomaji wasioujali mpira. Humo mna habari ya binti na elimu yake, ya jitihada na namna inavyopimwa, na ya mlango ambao usingefunguliwa kama sheria isingeufungua.

SHERIA ILIYOFUNGUA MLANGO

Wako wanaodhani kuwa wanawake wa Marekani wamecheza mpira tangu kale. Sivyo. Katika mwaka wa masomo wa 1971 hadi 1972, wasichana wote waliocheza michezo ya mashindano katika shule za sekondari za nchi hiyo walikuwa 294,015, na wavulana walizidi milioni tatu na nusu. Msichana mwenye mbio na nguvu aliambiwa akashangilie kaka zake.

Tarehe 23 Juni 1972, Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya elimu ambayo sehemu yake ya tisa ilikataza mtu yeyote kubaguliwa kwa ajili ya jinsia katika shule au chuo kinachopokea fedha za serikali kuu. Katika sentensi hiyo fupi neno michezo halimo kabisa. Hata hivyo vyuo vililazimika kujitazama. Kama wavulana wana viwanja, walimu wa michezo, mavazi na misaada ya masomo, wasichana wana nini?

Jawabu lilikuwa la aibu, na ikabidi litafutiwe dawa. Vyuo vingi vilikuwa na timu kubwa za wanaume za mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa kofia ngumu, na timu moja ya namna hiyo huchukua wachezaji wengi mno. Ili kurekebisha mizani, vyuo vilihitaji mchezo wa wanawake unaochukua watu wengi bila gharama kubwa. Kandanda ilifaa. Huhitaji uwanja, mpira, magoli mawili, na wachezaji ishirini na kitu.

Mwaka 1982 chama cha michezo ya vyuo cha nchi hiyo, kijulikanacho kama NCAA, kiliandaa mashindano yake ya kwanza ya kandanda ya wanawake. Timu zilizoshiriki zilikuwa 12 tu, na bingwa akawa Chuo Kikuu cha North Carolina. Idadi ya timu iliongezeka hatua kwa hatua mpaka ikafika 64 mwaka 2001. North Carolina, chini ya mwalimu Anson Dorrance, walitwaa ubingwa huo mara tisa mfululizo, kuanzia 1986 hadi 1994. Baada ya ushindi wa Desemba 2024, ambao ulikuja miezi michache tu tangu Dorrance alipostaafu, walikuwa wamefikisha mataji 22.

Matunda yake dunia nzima iliyaona. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lilichezwa China mwaka 1991, na Marekani wakalichukua wakifundishwa na Dorrance huyo huyo. Tarehe 10 Julai 1999, katika uwanja wa Rose Bowl huko California, watazamaji 90,185 walishuhudia Marekani wakiishinda China kwa mikwaju ya penalti. Mia Hamm alikuwa ametoka North Carolina, Brandi Chastain alikuwa ametoka Santa Clara, na Michelle Akers alikuwa ametoka Central Florida. Hakuna hata mmoja wao aliyeshushwa na mvua. Wote walilelewa vyuoni.

NJIA MBILI ZA KUINGIA

Msimu huanza katika nusu ya pili ya Agosti na huisha mwanzo wa Novemba. Kwa muda huo mfupi timu hucheza mechi kumi na nane au zaidi kidogo, mara nyingi mbili kwa juma, moja Alhamisi na nyingine Jumapili. Baada ya hapo huja swali: ni nani wataendelea?

Njia ya kwanza ni ya ubingwa. Vyuo vya Marekani vimejigawa katika jumuiya, kila moja ikiwa na vyuo kadhaa vinavyoshindana kila mwaka. Bingwa wa jumuiya hupata nafasi yake moja kwa moja, hata kama jumuiya hiyo ni dhaifu kuliko zote. Karibu nusu ya zile nafasi 64 hugawiwa hivyo. Jumuiya nyingi humpata bingwa wake kwa mashindano ya mtoano yanayofanyika mwishoni mwa msimu. Chache zimekuwa zikimtambua bingwa kwa msimamo wa ligi peke yake, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi kwa vyuo vya Pwani ya Magharibi, yaani Santa Clara, Portland na wenzao.

Njia ya pili ni ya kuteuliwa. Nafasi zinazobaki hugawiwa na kamati, ambayo hupima timu zote zisizopata ubingwa na kuchagua zile zinazoonekana bora. Wanaosubiri mbele ya televisheni ile Jumatatu kwa moyo wa wasiwasi ni hao wa njia ya pili. Bingwa husubiri kujua atakutana na nani tu.

Kwa chuo kidogo, njia ya pili karibu haipo. Timu inaweza kushinda mechi kumi na tano, ikaongoza jumuiya yake tangu Septemba, kisha ikafungwa bao moja katika fainali ya Jumapili moja, na kazi ya miezi mitatu ikapotea. Kamati itaitazama na kusema: mmeshinda sana, lakini mmemshinda nani? Penalti nazo zina uchungu wake. Fainali ikiamuliwa kwa penalti, katika vitabu vya takwimu mchezo huandikwa sare. Lakini nafasi haigawanywi nusu kwa nusu. Mmoja huenda na mwingine hurudi nyumbani.

MIZANI YA KAMATI

Je, kamati hupimaje timu zaidi ya 300 ambazo nyingi hazijawahi kukutana? Kwa miaka mingi imetegemea kipimo kijulikanacho kwa herufi tatu, RPI. Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa sekondari, na ni vema kuieleza, kwa kuwa ndani yake mna busara.

Kipimo hicho kina sehemu tatu. Robo yake hutokana na ushindi wa timu yenyewe. Nusu nzima hutokana na ushindi wa timu ilizopambana nazo. Robo iliyobaki hutokana na ushindi wa wapinzani wa wapinzani hao. Sare nayo huhesabiwa kama sehemu tu ya ushindi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo cha kwanza kimeshinda mechi 75 katika kila 100, lakini wapinzani wake ni wa kawaida, wanaoshinda 50 katika 100, na wapinzani wa wapinzani wake ni hivyo hivyo. Robo ya 75 ni 18.75, nusu ya 50 ni 25, robo ya 50 ni 12.5. Jumla ni 56.25. Chuo cha pili kimeshinda mechi 60 tu katika 100, lakini wapinzani wake hushinda 65, na wapinzani wa hao hushinda 55. Robo ya 60 ni 15, nusu ya 65 ni 32.5, robo ya 55 ni 13.75. Jumla ni 61.25. Aliyeshindwa mara nyingi zaidi ndiye aliye juu!

Msomaji anaweza kuona kuwa hapo pana dhuluma. Lakini atafakari. Kama kamati ingehesabu ushindi peke yake, kila mwalimu angetafuta wapinzani wanyonge, na mwisho wa msimu kila timu ingekuja na kifua mbele bila kujaribiwa. Kipimo hiki kinamwambia mwalimu kuwa atafute wenye nguvu na akubali kufungwa na baadhi yao. Ndiyo maana nafasi ya Novemba huanza kutafutwa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, siku mwalimu anapokaa mezani kupanga ratiba.

Kasoro nayo ipo. Chuo kilicho katika jumuiya yenye nguvu hukutana na wakubwa kila juma bila kusafiri mbali. Chuo kidogo huwaomba wakubwa mechi, na mara nyingi hupewa kwa sharti la kucheza ugenini. Hivyo mwenye nacho huongezewa. Mwaka 2024 timu zote nne zilizofika nusu fainali, yaani North Carolina, Duke, Wake Forest na Stanford, zilitoka katika jumuiya moja, ile ya Pwani ya Atlantiki. Kamati hutazama pia mambo mengine, kama vile matokeo ya timu zilipokutana zenyewe kwa zenyewe na matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja, lakini jabali hilo halijaondoka njiani.

Kuna badiliko jingine lililoongeza uzito wa kila mechi. Tangu msimu wa 2022, mechi za kawaida hazina tena muda wa nyongeza. Dakika 90 zikiisha timu zikiwa sawa, ni sare. Bao ambalo zamani lingeweza kupatikana katika muda wa nyongeza sasa halipo, na timu iliyozoea sare nyingi hujikuta Novemba ikiwa imepungukiwa. Muda wa nyongeza umebaki katika mashindano ya mtoano tu, ambamo huchezwa vipindi viwili vya dakika kumi kumi, kisha penalti.

VITABU NA VIATU

Mzazi atauliza: na masomo je? Swali ni la haki, maana wasichana hawa ni wanafunzi kwanza. Kwa kanuni za NCAA, katika majira ya mashindano mwanafunzi asishughulishwe na michezo zaidi ya saa 20 kwa juma wala zaidi ya saa nne kwa siku, na ni lazima apate siku moja ya mapumziko. Kanuni za daraja la kwanza zimedai pia kwamba anapoingia mwaka wa tatu awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada yake, na anapoingia mwaka wa nne asilimia 60. Asiyetimiza hukaa nje ya uwanja, hata awe mfungaji hodari namna gani.

Katika utekelezaji mzigo ni mzito kuliko kanuni inavyosema. Safari ya mechi haihesabiwi kama mazoezi. Msichana anayecheza Alhamisi usiku katika jimbo la mbali husoma ndani ya basi na kuandika insha yake hotelini. Tena mwezi Novemba, wakati timu inapigania nafasi, ndio mwezi ambao mitihani ya mwisho wa muhula inakaribia. Hapo ndipo msichana hujifunza kugawa siku yake, jambo ambalo litamfaa hata atakaposahau alifunga mabao mangapi.

Wala mtu asidhani kuwa wote husomeshwa bure. Hadi msimu wa 2024, chuo cha daraja la kwanza hakikuruhusiwa kutoa zaidi ya misaada kamili 14 ya masomo kwa timu ya kandanda ya wanawake. Kwa kuwa timu ina wachezaji zaidi ya ishirini, misaada hiyo ilikatwa vipande. Mmoja alipata nusu, mwingine robo, mwingine hakupata kitu. Kuanzia 2025, katika vyuo vilivyokubali suluhu ya kesi kubwa ya mahakamani, ukomo umewekwa kwenye idadi ya wachezaji, ambao hawapaswi kuzidi 28, badala ya misaada. Vyuo vinane vikongwe vya Ivy League, kama Harvard na Yale, havitoi kabisa msaada kwa ajili ya michezo. Anayesaidiwa huko husaidiwa kwa sababu familia yake haina uwezo.

SEKUNDE 16

Kwa nini basi watu wahangaike hivyo kwa ajili ya nafasi moja kati ya 64? Fainali ya Desemba 2022, iliyochezwa katika mji wa Cary huko North Carolina, yatosha kujibu.

North Carolina, mabingwa wa miaka mingi, walikuwa mbele ya UCLA ya California kwa mabao mawili kwa bila, na dakika zilibaki kumi. UCLA walifundishwa na Margueritte Aozasa, mwanamke aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kuongoza timu hiyo. Katika dakika ya 80 wakapata bao moja. Baadaye, zikiwa zimebaki sekunde 16 tu mchezo uishe, ikapigwa kona, na Reilyn Turner akaupiga mpira kwa kichwa mpaka wavuni. Mabao mawili kwa mawili! Katika muda wa nyongeza Maricarmen Reyes akafunga la tatu, na kombe likaenda California.

Mchezo kama huo ndio unaotafutwa na kila msichana anayesubiri ile Jumatatu. Anajua kuwa huenda timu yake itafungwa katika mechi ya kwanza tu, tena ugenini. Lakini asiyeingia hana hata hizo sekunde 16. Kuthibitisha kwamba si wakubwa tu wanaofanikiwa, Chuo Kikuu cha Portland, ambacho si kikubwa hata kidogo, kilitwaa ubingwa mwaka 2002 na tena mwaka 2005, mara zote mbili kikiwa na Christine Sinclair kutoka Kanada. Mwaka huo wa 2005 peke yake Sinclair alifunga mabao 39.

MABINTI WA AFRIKA

Mlango huo haukuwafungukia Wamarekani peke yao. Sandra Nabweteme, mshambuliaji wa timu ya taifa ya Uganda, alisoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Southwestern Oklahoma State, kilichoko katika mji mdogo wa Weatherford. Chuo hicho kimo katika daraja la pili, ambalo lina mashindano yake yenyewe na nafasi zake zenyewe za kupigania. Baadaye alicheza mpira huko Iceland. Uchenna Kanu wa Nigeria alipitia Chuo Kikuu cha Southeastern huko Florida, kilichokuwa hata nje ya NCAA, akaja kuichezea nchi yake katika Kombe la Dunia la 2019 na la 2023.

Yuko pia Michelle Alozie, aliyezaliwa California kwa wazazi wa Kinigeria. Alisomea biolojia katika Chuo Kikuu cha Yale, na huko hakupewa msaada kwa ajili ya mpira. Baadaye, alipokuwa mchezaji wa kulipwa mjini Houston, alifanya kazi pia katika maabara ya utafiti wa saratani za watoto. Mwaka 2023 alikuwa beki wa Nigeria katika Kombe la Dunia. Wazazi wanaosema kuwa mpira humharibia msichana masomo wana mfano wa kuutazama.

FUNZO KWA NYUMBA ZETU

Haifai kuiga kila jambo la ng'ambo. Fedha zinazotumika katika michezo ya vyuo vya Marekani ni nyingi, na si kila zinapokwenda pana haki. Lakini mambo mawili hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kwamba nafasi hutangulia kipaji. Wasichana wale 294,015 wa mwaka 1972 hawakuwa wachache kwa sababu wenzao walikosa miguu. Walikuwa wachache kwa sababu hawakuwa na timu. Sheria ilipofungua mlango, idadi ilipanda mpaka ikapita milioni tatu. Vivyo hivyo katika kijiji chochote, hakuna ajuaye kama binti fulani anaweza kucheza, au kuhesabu, au kuongoza, mpaka apewe mpira, au kitabu, au neno la kusema mbele ya wenzake. Mzazi anayempa mvulana jioni yake yote uwanjani, na kumpa msichana ndoo na ufagio, asishangae kuwa mmoja ana mbio na mwingine hana.

La pili ni lile la mizani. Anayejipima kwa wanyonge hujidanganya. Mtoto anayeongoza darasa dhaifu apelekwe palipo na wenye nguvu zaidi yake, ashindwe mara kadhaa, kisha aulizwe amejifunza nini. Kushindwa huko hakutampunguzia kitu. Kamati ya Marekani, pamoja na kasoro zake zote, inalijua jambo hilo na imeliweka katika hesabu.

Novemba itakapofika, zaidi ya timu 330 zitakuwa zimemaliza msimu wao, na 64 zitasikia majina yao. Wasichana wa timu nyingine zote watazima televisheni, watafuta machozi, na asubuhi yake wataingia darasani, kwa kuwa mitihani haijui nani aliitwa na nani hakuitwa. Miaka michache baadaye wengi wao watakuwa walimu, wauguzi, wahandisi na mama wa nyumba zao, na kila mmoja atakuwa na cheti cha chuo mkononi. Nafasi hiyo hawakunyang'anywa na kamati yoyote.